Tangi la furu sebuleni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara hapa Mwanza

Nafuga furu, samaki wadogo wa Ziwa Victoria, nyumbani kwangu Nyegezi, kwenye tangi la lita 240 lililo sebuleni. Mgeni akiingia, kabla hajakaa huwa ameshalisogelea, na swali lake la kwanza ni "hawa wametoka nchi gani?" Nikimwambia wametoka kwenye mawe ya Ghuba ya Mwanza, mwendo mfupi kutoka hapa, wengi hukataa. Furu wanayemjua ni yule aliyepauka, amelala kwenye ndoo ya chambo akisubiri ndoano ya sangara. Maswali yaliyo hapa chini ndiyo ninayoulizwa zaidi, na nimeyajibu kwa kumfikiria mtu wa huku kwetu: anayetumia maji ya bomba, umeme unaokatika, na asiye na duka kubwa la vifaa vya samaki jirani.

Kwa nini furu? Si bora samaki wa mapambo wanaouzwa madukani?

Kwa sababu vitu vyote anavyohitaji furu viko Mwanza tayari. Joto ni lake, mawe ni yake, maji ni yake. Samaki aliyesafirishwa kutoka mbali hukufikia akiwa hoi, na mara nyingi unaanza kwa kumtibu kabla hujamfurahia.

Kuhusu uzuri, subiri uone dume aliyetulia. Yupo furu ambaye wanasayansi walimpa jina la nyererei mwaka 1985, kwa heshima ya Mwalimu. Dume lake lina mgongo mwekundu, ubavu wa manjano uliokatwa na mistari myeusi, na kifua cheusi. Ndugu yake anaitwa pundamilia, na jina linajieleza: mistari myeusi juu ya mwili wa buluu iliyofifia. Wasukuma huwaita furu wa mawe mbipi, na jina hilo limeingia hadi kwenye maandishi ya kisayansi.

Ipo na sababu nyingine, nayo kwangu ni nzito. Ziwa Victoria linakadiriwa kuwa lilikuwa na aina zipatazo 500 za furu. Sangara alipandikizwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 furu wa maji ya wazi katika ghuba yetu walikuwa wameporomoka. Aina nyingi hazijaonekana tena. Wa kwenye mawe waliponea kwenye nyufa, ambako sangara mkubwa hapenyi. Mtoto aliyekulia Mwanza anastahili kumwona furu akiwa hai, akiwa na rangi zake, angalau mara moja.

Tangi liwe la ukubwa gani?

Lisipungue lita 200. Watu hudhani tangi dogo ni rahisi kulitunza, kumbe ni kinyume chake: maji machache huchafuka upesi na hupata joto upesi, na furu wakikosa pa kukimbilia huuana. Langu lina urefu wa sentimita 120, upana 40, kimo 50.

Fundi wa vioo na aluminiamu anaweza kukutengenezea. Mwambie kioo kiwe cha milimita 10, halafu simamia silikoni wewe mwenyewe. Nunua ile ya kioo, inayonuka siki inapokauka, isiyo na dawa ya kuzuia ukungu. Silikoni ya bafuni ina dawa hiyo, na dawa hiyo ni sumu kwa samaki. Tangi langu la kwanza lilijengwa na fundi ambaye alichukua silikoni iliyokuwa imebaki kutoka kazi ya bafu. Nilipoteza samaki sita kwa siku tatu bila kuelewa kinachowaua, maji yakiwa safi kabisa kwa macho.

Acha silikoni ikauke wiki nzima, kisha jaza maji tangi likiwa nje, ulitazame kwa siku mbili. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo tangi langu lina kilo 240 za maji peke yake, na ukiongeza mawe na kioo unapita 300. Stuli ya mbao haibebi uzito huo. Chomelea meza ya chuma, ipime kwa pima maji ikae sawa, na utandike sponji jembamba kati ya meza na kioo cha chini.

Mawe na mchanga natoa wapi?

Mwanza hatuna shida ya mawe. Itale yetu haibadilishi maji, na ndiyo furu wa mawe walikozaliwa. Ukiwa na shaka na jiwe, lidondoshee siki. Likitoa povu, lina chokaa, liache. Lisugue kwa brashi na maji matupu bila sabuni, kisha liache juani siku kadhaa. Usiliweke jiwe lenye unyevu motoni, linaweza kupasuka usoni mwako.

Mawe yanatangulia, mchanga unafuata. Yakae moja kwa moja juu ya kioo cha chini, maana furu huchimba. Ukiyakalisha juu ya mchanga, siku moja watauondoa chini yake na jiwe litaangukia kioo. Yapange yapande karibu na uso wa maji, yakiwa na mapango mengi ya kupenya, tena mapango yenye milango miwili, ili anayekimbizwa asikwame ndani.

Mchanga wa mto unafaa. Uoshe mpaka maji yatoke safi, kisha uanike hadi ukauke kabisa.

Nitumie maji ya bomba au nichote ziwani?

Ya bomba. Najua inashangaza, kwa kuwa samaki wenyewe ni wa ziwani, lakini nina sababu mbili.

Ya kwanza ni kichocho. Konokono wa majini kando ya ziwa hubeba vijidudu vyake, na vijidudu hivyo hupenya kwenye ngozi ya mtu aliyesimama majini kwa dakika chache tu. Mtu anayeingia ziwani kila wiki kuchota ndoo nne anajitafutia ugonjwa. Vijidudu vilivyokwisha kutoka kwenye konokono haviishi zaidi ya siku mbili hivi bila kumpata mtu, ila konokono akiingia kwenye ndoo pamoja na maji, ataendelea kutoa wengine. Ya pili ni uchafu wa pwani ya mjini, pamoja na ule utando wa kijani unaotanda ghubani majira fulani, ambao wakati mwingine huwa na sumu.

Maji ya bomba yana klorini, ile watu wanayosema "maji yananuka dawa". Klorini huunguza matamvua ya samaki. Jaza ndoo au pipa, liache wazi kwa saa 24, na kama una pampu ya hewa tumbukiza mpira wake ndani, dawa itaruka. Mimi nina pipa la lita 100 uani, halitumiki kwa kazi nyingine yoyote. Maji ya mvua ni laini mno, yaani hayana madini ya kutosha, yakitumika peke yake, na yakitoka kwenye bati jipya huweza kuja na zinki. Kisima kinatofautiana na kisima, kipime kwanza.

Maji ya ziwa letu ni laini, na pH yake, yaani kipimo cha uchachu au umagadi wa maji, hucheza kati ya 7 na 9 kulingana na mahali na saa. Usihangaike kutafuta namba moja kamili. Furu anavumilia mengi, asichovumilia ni mabadiliko ya ghafla.

Nimejaza maji leo. Samaki niwatie kesho?

Hapana. Hapa ndipo wengi wanapoua samaki, kwa hiyo nitaeleza taratibu.

Kinyesi cha samaki na chakula kinachooza hutoa amonia, na amonia ni sumu. Maji yanapoelekea pH ya 8 na kuendelea, ukali wake huzidi. Ziwani hutawanyika. Kwenye tangi hakuna pa kutawanyikia, kwa hiyo unategemea bakteria. Kundi moja huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kundi jingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo si kali na unaipunguza kwa kubadilisha maji. Bakteria hawa hukaa kwenye sponji la chujio, mawe na mchanga. Katika tangi jipya hawapo bado, na kwa joto la Mwanza huchukua wiki nne hadi sita kuongezeka vya kutosha.

Washa chujio, tia chembe kidogo za chakula cha samaki kila siku kana kwamba wapo, usubiri. Ukipata vipimo vya maji, samaki waingie pale amonia na nitriti zinaposoma sifuri kwa siku kadhaa mfululizo. Kuna njia ya mkato iliyo halali: omba sponji chafu kutoka tangi la mtu ambalo limekaa miezi mingi bila ugonjwa, uliweke ndani ya chujio lako. Unahamisha bakteria wake.

Kwa sababu hiyo hiyo, usioshe sponji la chujio kwenye bomba. Klorini itawaua bakteria wote. Lisuuze kwenye ndoo ya maji uliyotoa tangini, lifinye mara mbili tatu, lirudishe likiwa bado na weusi wake.

Maji nibadilishe mara ngapi?

Robo ya maji kila wiki. Nyonya kwa mpira kutoka chini, ukipitisha juu ya mchanga ili uchafu uje, na umwagilie bustani, mchicha unayapenda sana. Maji mapya yawe na joto lililokaribiana na la tangini. Ukiona nitrati inapita miligramu 40 kwa lita, ongeza kiasi unachobadilisha au punguza chakula.

Umeme ukikatika nifanyeje?

Usiku mmoja wa masika umeme ulikatika saa nne nikiwa nimeshalala. Nilipoamka saa kumi na moja alfajiri, nyumba ilikuwa kimya kwa namna nisiyoizoea, ule mlio wa pampu haupo. Niliwasha tochi. Samaki wote walikuwa juu, midomo imegusa uso wa maji, matamvua yanapiga haraka, na dume langu jekundu lilikuwa limepauka kama karatasi. Nilichukua jagi la plastiki nikaanza kuchota maji ya tangi na kuyamwaga kutoka juu, kimo cha mkono wangu, bila kupumzika. Baada ya kama dakika ishirini wakaanza kushuka. Wawili hawakushuka.

Tangu hapo nimejifunza kwa nini ilikuwa hivyo. Ziwa Victoria liko mita zipatazo 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam, kwa hiyo maji yetu hubeba oksijeni pungufu kwa karibu sehemu moja ya nane, joto likiwa sawa. Tangi lililojaa samaki halina akiba ya usiku kucha.

Kwa hiyo fanya hivi. Weka samaki wachache kuliko unavyotamani. Katika lita 240 furu wakubwa 15 wanatosha. Tafuta pampu ndogo ya hewa inayotumia betri au inayochomekwa kwenye pawabenki ya simu, maana hutumia umeme kidogo sana na pawabenki nzuri huiendesha usiku mzima. Kama una sola ya taa, ichomeke huko. Umeme ukikatika usiwalishe. Samaki aliyeshiba hutumia oksijeni nyingi zaidi, na chakula kinachobaki huoza. Huna chochote? Jagi, dakika tano kila nusu saa.

Pampu ya hewa ikae juu kuliko uso wa maji, ama sivyo umeme ukikatika maji hurudi kupitia mpira, yanaingia kwenye pampu na kumwagika sakafuni palipo na waya. Na kama unatumia chujio la mtungi uliofungwa, likizima kwa saa nyingi maji ya ndani huoza. Lifungue ulisuuze kabla ya kuliwasha tena. Chujio la sponji linalosukumwa na hewa halina tatizo hilo, nami silibadilishi kwa jingine.

Nahitaji kipasha joto?

Kwa kawaida hapana. Ziwa lenyewe huwa kati ya nyuzi 23 na 27 hivi, na sebule ya Mwanza iko humo humo. Julai usiku kukiwa na baridi, funika tangi. Kipimajoto cha bei ndogo kinatosha.

Furu nawapata wapi, na inaruhusiwa?

Ongea na afisa uvuvi wa eneo lako kwanza, maana uvuvi ziwani unaendeshwa kwa leseni. Kisiwa cha Saanane ni hifadhi ya taifa, usitie ndoano hapo. Nyavu za kokoro, zile zinazoburutwa hadi ufukweni, ni haramu kila mahali, na furu waliotoka kwenye kokoro usiwanunue hata kwa bei ya kutupa; magamba yao huwa yamekwaruzika na hufa ndani ya wiki.

Wanaodumu ni wale waliovuliwa mmoja mmoja kwa ndoano ndogo iliyosuguliwa mwiba, kwenye mawe, kina kisichozidi mita mbili tatu. Furu akitolewa kwenye kina kirefu ghafla, kibofu chake cha hewa hutanuka, anaelea tumbo juu. Mwambie mvuvi asimshike kwa mkono mkavu, na ndoo iwe kivulini ndani ya mtumbwi. Nilimpata mzee mmoja pale mwaloni, mahali pa kutia mitumbwi, ambaye mwanzo alinishangaa: "Mwanangu, furu wa kufuga? Ukiwafuga utawafanyia nini?" Sasa anawachagua mwenyewe, na akinipigia simu ananitajia rangi ya kila mmoja.

Wakifika, waweke kwenye tangi la peke yao kwa wiki tatu au nne kabla ya kuwachanganya na wenyeji. Beseni kubwa lenye chujio la sponji na kipande cha bomba la kujificha linatosha.

Niwape chakula gani?

Furu hawali chakula cha namna moja. Wapo wanaokwangua mwani kwenye mawe, wapo wa vidudu, wapo wanaovunja konokono kwa meno ya kooni, na wapo wanaonyonya mayai na vifaranga kutoka mdomoni mwa mama wa furu wengine. Wa mawe ambao utawapata zaidi wanahitaji majani kuliko nyama.

Chakula cha punje ndogo cha vifaranga wa sato, kinachouzwa kwa wenye mabwawa na vizimba, ni kizuri na hakina gharama kubwa. Siku nyingine nawapa mchicha uliochemshwa dakika moja na kukatwakatwa. Dagaa nawapa mara mbili kwa wiki: chagua walioanikwa kwenye vichanja, maana walioanikwa chini wana mchanga, kisha uwatwange na kuwachekecha. Usiwape ugali, mkate wala nyama ya ng'ombe.

Kiasi ni kile wanachokimaliza kwa dakika mbili. Siku moja katika kila wiki huwa siwalishi, na hakuna aliyekonda.

Maji yamekuwa meupe kama ya kuoshea mchele. Nimwage yote?

Usimwage. Tangi likiwa changa huo ni mlipuko wa bakteria, na utatoweka wenyewe ndani ya siku chache ukipunguza chakula na kuongeza hewa. Maji yakiwa ya kijani, tatizo ni mwanga: hamisha tangi mbali na dirisha, na taa iwake saa nane tu kwa siku. Yakinuka vibaya, mhesabu samaki mmoja mmoja. Kuna aliyefia nyuma ya jiwe.

Dume mmoja anawapiga wenzake wote. Nimtoe?

Kabla ya kumtoa, hesabu una madume wangapi. Madume wawili kwenye tangi dogo hawapatani hata siku moja, mmoja atafukuzwa mpaka afe. Ama uwe na dume mmoja na majike wanne au watano, ama uwe na kundi la kumi na zaidi, ili ukali wake ugawanyike na asimwandame mmoja tu. Halafu panga upya mawe siku utakapoongeza samaki. Mipaka ikivurugika, mwenyeji na mgeni wanaanza sawa.

Dume aliyepigwa utamjua: anafunga mapezi, anakaa kwenye kona ya juu karibu na chujio, rangi inamtoka anafanana na jike. Huyo mtoe siku hiyo hiyo.

Jike ameacha kula na kidevu kimevimba. Anaumwa?

Hongera, ana mayai mdomoni. Furu wetu hulea mdomoni. Dume huchimba shimo mchangani, anamzunguka jike akitetemeka, na kwenye pezi lake la chini nyuma kuna madoa ya rangi ya chungwa yanayofanana na mayai. Jike hutaga, anageuka na kuyaokota mayai yake kinywani, kisha anayafuata hata yale madoa akidhani ni mayai aliyosahau, na hapo hupokea mbegu za dume. Mara ya kwanza nilipoliona hilo, niliita nyumba nzima, chakula kikapoa mezani.

Atayabeba wiki mbili hadi tatu bila kula. Siku ya kumi na mbili hivi muhamishie kwenye tangi tulivu, usiku, kwa bakuli badala ya wavu, asije akashtuka na kuyatema. Watoto wakitoka wanaweza kula unga laini wa chakula siku hiyo hiyo.

Sasa jambo la muhimu: usichanganye aina mbili zinazofanana. Majike ya nyererei na pundamilia hata mzoefu huwachanganya, na wenyewe wanaweza kuzaliana, wakapatikana machotara. Mtafiti Ole Seehausen na wenzake walionyesha hilo mwaka 1997 kwa kazi waliyofanya huku kwetu. Majike huchagua dume kwa rangi. Palipo na maji maangavu, kama kisiwa cha Makobe, wekundu na wa buluu hubaki aina mbili tofauti. Maji yakiwa na tope, jike haoni rangi vizuri na uchaguzi unavurugika. Maabara walipotumia mwanga wa rangi ya chungwa uliofanya madume wafanane, majike walishindwa kuwatofautisha. Kwa hiyo weka taa nyeupe, na aina moja ya jamii hiyo kwa kila tangi.

Samaki wana madoa meupe kama chumvi. Au tumbo limevimba. Dawa ni ipi?

Madoa meupe ni kimelea kinachokaa kwenye ngozi, kinaanguka chini, kinazaana na kurudi. Dawa hukipata kinapoogelea tu, ndiyo maana tiba ya siku mbili haisaidii. Pandisha joto taratibu hadi nyuzi 29 au 30, ongeza hewa, weka gramu 2 za chumvi isiyo na madini joto kwa kila lita, uendelee siku kumi hata madoa yakitoweka mapema. Badilisha robo ya maji kila baada ya siku mbili, ukirudishia chumvi kwa kiasi cha maji uliyotoa.

Tumbo kuvimba na kinyesi cheupe kama uzi ni habari nyingine. Mara nyingi chanzo ni chakula kizito cha nyama au samaki kuonewa. Mtenge, acha kumlisha siku tatu, badilisha maji zaidi. Ukimuwahi akiwa bado anakula, ana nafasi. Usimimine vidonge vya binadamu kwenye tangi lote kwa kubahatisha. Muulize daktari wa mifugo au mtaalamu wa ufugaji samaki.

Mtoto wangu ameleta sato mdogo na kambare mdogo. Niwaweke humo?

Sato hufikia nusu mita na zaidi. Kambare atawameza furu wako usiku. Kamongo hivyo hivyo. Kuhusu sangara, naye hufikia karibu mita mbili, sina la kuongeza. Muelekeze mtoto kwa mwenye bwawa.

Naweza kufuga samaki wa bahari na matumbawe hapa Mwanza?

Inawezekana, nimemsaidia jamaa yangu wa Capripoint kuanzisha, lakini ujue unachokiingia. Maji ya bahari yana gramu 35 hivi za chumvi kwa lita, kwa hiyo tangi kama langu linataka zaidi ya kilo 8 za kuanzia, na kila unapobadilisha maji unachanganya nyingine. Chumvi ya jikoni haifai. Unatakiwa ununue chumvi maalumu ya akwariamu, yenye kalisi, magnesi na madini mengine ambayo tumbawe hujengea mifupa yake. Pima uzito wa maji ukilinganishwa na wa maji matamu, ufike 1.025, kalisi iwe kwenye miligramu 420 kwa lita, joto nyuzi 25 hadi 27.

Kosa la kila anayeanza ni hili: maji yakipungua kwa kukauka, anaongeza maji ya chumvi. Chumvi haikauki, inabaki. Unaongeza maji matamu yaliyochujwa, kidogo kidogo kila siku, la sivyo baada ya wiki mbili za upepo wa kiangazi tangi limekuwa kali mno. Na ule utando wa kahawia wa wiki za mwanzo, mara nyingi unatokana na silika iliyomo kwenye maji ya bomba. Hupungua wenyewe, na ukitumia maji yaliyochujwa kwa mashine huja kidogo tu.

Umeme ukikatika, matumbawe hayana jagi la kuyaokoa. Yanahitaji mkondo wa maji muda wote. Pia matumbawe magumu yamo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, kwa hiyo usikubali kuletewa vipande vilivyovunjwa baharini pwani na mtu asiye na kibali. Ushauri wangu ni ufuge furu mwaka mzima kwanza. Ukiweza kuwavusha katika mwaka mmoja wa kukatika umeme, una mikono ya kutosha kwa bahari.

Wamezaana, nina vifaranga zaidi ya hamsini. Nikawaachie ziwani?

Usifanye hivyo, hata kama wazazi wao walitoka humo. Wanaweza kuwa wamebeba ugonjwa wa tangini, wanaweza kuwa machotara, na furu wa mawe ya kisiwa kimoja si lazima wawe sawa na wa kisiwa cha jirani. Ziwa hili limeshapokea samaki mmoja aliyeletwa bila kufikiriwa vya kutosha, na bado tunahesabu waliopotea.

Wagawe. Shule ya sekondari yenye maabara hupokea kwa furaha ukiwapelekea na tangi dogo la kuanzia pamoja na sponji lenye bakteria. Majirani nao huanza kuomba wakishaona rangi. Mimi nikiwa sina wa kumpa, nakata tangi katikati kwa kioo, majike upande huu, dume upande ule. Dume anashinda kutwa akitetemeka mbele ya kioo, nami nakitoa tu pale kuna nyumba mpya inayosubiri watoto.